Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mtwara: Mguu mmeuliza, cherehani hamjauliza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Katibu Tawala wa Mkoa, na Wakurugenzi wa halmashauri zetu tisa,

YAH: MEZA YA USHAURI WA AJIRA KWA WATU WENYE ULEMAVU

Shikamooni wakubwa zangu. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nina miezi tisa kwenye kazi ambayo nikiitaja watu hunitaka nirudie: mshauri wa ajira kwa watu wenye ulemavu. Anayenilipa ni mradi mdogo, na mkataba wangu utaisha kabla korosho za msimu huu hazijaisha mnadani. Siandiki kuomba mkataba uongezwe, ingawa mkinishuku nitawaelewa. Naandika kwa sababu kazi hii nimejifunza kwa kukosea, na waliolipia makosa yangu ni watu wengine. Atakayekaa kwenye kiti hiki baada yangu, kama kiti kitakuwepo, sitaki aanze kuwakosea watu wale wale upya.

Wiki ya kwanza nilipewa meza, daftari la kaunta na fomu. Fomu ilikuwa na safu za jina, jinsia, umri, kata, aina ya ulemavu, chanzo cha ulemavu na kifaa saidizi. Nikaandikisha watu 41, nikajiona mchapakazi. Ijumaa jioni akaja mzee mmoja wa Magomeni, fundi cherehani, mguu mmoja umepooza tangu utotoni. Nikamhoji kama fomu ilivyotaka, nikafunga daftari. Hakuinuka.

"Mwanangu," akasema, "mguu umeniuliza mara tatu. Cherehani hujaniuliza hata mara moja."

Ufundi wake alijifunzia Mtapika, chuo cha wenye ulemavu kule Masasi. Ameshona sare za shule, makoti ya maharusi na mapazia ya nyumba za wageni. Alichokuja kutafuta wala hakikuwa kazi ya kushona. Macho yamechoka, anataka kufundisha vijana kabla mikono nayo haijachoka. Kwenye fomu yangu hapakuwa na pa kuliandika hilo.

Jumatatu nikaiweka fomu pembeni, nikachora nyingine kwa mkono. Unajua kufanya nini? Umewahi kufanya wapi? Ungependa kufanya nini? Ulemavu nikausogeza mwisho kabisa, na swali lake nikaligeuza: ukiwa kazini utahitaji nini ili kazi iende? Halafu nikaanza kuwatafuta upya wale 41, mmoja mmoja, kwa simu na kwa pikipiki. Nikakuta humo mhasibu, mafundi simu wawili, mwalimu aliyekatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda, na dada aliyewahi kuwa karani wa mizani kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, misimu mitatu mfululizo. Kwenye daftari la kwanza wote hawa walikuwa wameandikwa "viungo", "viungo", "uoni", "viungo".

Sasa nije kwenye sheria, ambayo mnaijua kuliko mimi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea aajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasipungue asilimia 3. Mwaka mmoja kabla yake nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 27 ni ya kazi na ajira. Na kabla ya hapo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa imeshapiga marufuku kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Kwa maandishi tumekamilika.

Nilipoanza kuzunguka kwa waajiri nilibeba nakala ya sheria kwenye bahasha ya kaki. Kwa meneja wa kwanza niliitoa mapema mno, kama askari anayetoa pingu kabla ya salamu. Akasoma kifungu, akachukua kikokotoo. "Nina watu 20," akasema. "Asilimia 3 ya 20 ni sifuri nukta sita. Niletee basi mtu wa sehemu sita." Tukacheka wote wawili, nikaondoka mikono mitupu. Na hesabu yake haikuwa na kosa: kwa asilimia 3, mtu mmoja mzima anapatikana wafanyakazi wakifika 34. Sheria ikiachwa ijitembelee yenyewe, mwenye kikokotoo ataishinda asubuhi tu.

Tarakimu hizo, 20 na asilimia 3, zina umri mkubwa kuliko sheria yetu. Mwaka 1944, vita ikielekea ukingoni na askari wakirudi bila mikono na bila miguu, Uingereza ilitunga sheria ya ajira kwa wenye ulemavu: mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, asilimia 3. Ikakaa nusu karne. Waajiri wengi hawakufikisha kiwango, walioshtakiwa walikuwa wachache mno, na mwishowe mgawo wenyewe ukafutwa kwa sheria ya 1995 ya kupinga ubaguzi. Ilitenga hata kazi mbili maalumu kwa wenye ulemavu: kuendesha lifti na kuangalia magari kwenye maegesho. Msicheke. Na sisi tunazo zetu, kukaa getini na kupokea simu.

Lakini Waingereza walikuwa na jambo moja ambalo lilibaki hata tarakimu zilipoondoka. Kwenye ofisi zao za ajira za mitaani aliwekwa afisa ambaye kazi yake ilikuwa hiyo tu: kumjua mtu, kuijua kazi, na kuvikutanisha. Cheo kimebadilishwa jina, mtu bado yupo. Tangu 1994 wana pia mpango wa serikali unaolipia mkalimani, vifaa, na hata nauli ya teksi kwa asiyeweza kupanda usafiri wa umma kwenda kazini. Sisi tarakimu tunazo, afisa hatuna. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulianzishwa 2008 kuunganisha watafuta kazi na waajiri, lakini mtu aliyeko Nanyumbu au Tandahimba mlango anaoujua ni wa halmashauri. Akifika hapo hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye mezani ana ndoa zilizovunjika, watoto wa mitaani na wazee wasio na ndugu, na hapo bado hajanywa chai.

Mniruhusu niwasimulie kazi yenyewe inavyokuwa, maana nahisi wengi huidhania ni ya kuwapa moyo wenye ulemavu. Moyo wanao. Kazi ni kwenda kutazama kazi.

Kiwanda kimoja cha kubangua korosho, ambacho sitakitaja, kilitoa tangazo la vibarua. Kwenye sifa wakaandika: "awe na uwezo wa kusikia na kuzungumza vizuri." Safari hii bahasha niliiacha nyumbani. Nikamwomba msimamizi jambo moja, anikubalie nikae ndani siku mbili nitazame. Nikaona korosho zikibanguliwa, zikiingia tanurini kukaushwa, zikitoka kumenywa utando, kisha zikipangwa madaraja, nzima huku, vipande kule. Kwenye chumba cha mashine kelele ni ya kiasi kwamba mtu hajisikii hata akipiga chafya. Na wote mle, wenye masikio mazima, walikuwa wakizungumza kwa mikono! Viganja viwili vikiinuliwa, simamisha. Kidole kwenye kifundo cha mkono, saa ngapi. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyekuwa fasaha kuliko wote.

Siku ya pili nikamwomba asimame nami mlangoni atazame dakika tano tu. Akatazama. Akasema, "Kumbe."

Baada ya hilo "kumbe" ndipo tukaweza kuzungumza juu ya tatizo la kweli, nalo lilikuwa moja: king'ora cha moto. Kiziwi hatakisikia. Fundi umeme wa kiwanda akavuta waya kutoka kwenye swichi ya king'ora, akafunga taa nyekundu juu ya meza za kumenyea. Ilimchukua nusu siku. Wadada wanne viziwi wakaanza kazi Jumatatu iliyofuata. Siku tatu za mwanzo niliweka mkalimani wa lugha ya alama, ili mkataba na maelezo ya usalama wayapate kwa ukamilifu, si kwa kuotea. Fedha ya mkalimani niliitoa kwenye mafuta ya pikipiki, na mwezi ule nilitembea kwa miguu.

Kwa nini nilisisitiza mkalimani? Kwa sababu mara ya kwanza sikuweka. Dada mmoja wa Chikongola aliitwa kwenye usaili mahali pengine, nami kwa kubana matumizi nikamchukua mdogo wake atafsiri. Binti ana akili na alama za nyumbani anazijua. Mwajiri akauliza, "Anataka alipwe kiasi gani?" Mdogo mtu hata hakugeuka kumtazama dada yake. Akajibu, "Chochote tu, Mungu awabariki." Jioni yule dada akanitumia ujumbe kwa simu: "Mimi nilitaka kusema elfu nane kwa siku." Alilipwa elfu tano. Kosa hilo ni langu.

Kuna lingine linaloniuma zaidi. Kijana wa Naliendele, anatumia kitimwendo, hesabu anazijua na kompyuta anaijua. Nikampatia kazi ya kutunza kumbukumbu za stoo mjini, elfu kumi kwa siku. Tukapiga picha. Sikumuuliza swali moja: unafikaje? Makondakta wa daladala hawakuwa tayari kusubiri kitimwendo kikunjwe, kwa hiyo akawa anakodi bajaji, elfu tatu kwenda na elfu tatu kurudi. Toa chakula cha mchana. Siku kumi na moja alivumilia, ya kumi na mbili akaniandikia kwamba amepiga hesabu na kuona akilala nyumbani anapata karibu sawa, tena bila jua. Hakuwa mvivu, alikuwa mhasibu mzuri kuliko mimi. Mwajiri naye akanipigia: "Unaona? Ndiyo maana tunaogopa kuwachukua, hawadumu." Tangu siku hiyo mlango ule umefungwa, na niliyeufunga ni mimi. Swali la "unafikaje" sasa ni la pili kwenye fomu yangu, baada ya "unajua kufanya nini".

Dawa yake haikuwa ngumu, nimekuja kuijua nikiwa nimechelewa. Dereva mmoja wa bajaji akilipwa kwa mwezi huchukua watu watatu wa njia moja kwa bei ya kuwasaidia wote. Lakini kupanga hivyo kunataka mtu mwenye simu, muda, na fungu dogo la kuanzia.

Mahali pengine ambapo sikuwa najua kwamba ni ofisini kwangu ni wodini. Kazi iliyo rahisi kuliko zote kuiokoa ni ile ambayo mtu bado anayo. Dereva anavunjika uti wa mgongo, fundi anapoteza jicho, mpakiaji wa maghalani anaangukiwa na magunia. Analazwa Ligula, mwajiri anakuja kumwona na machungwa, na wiki ya sita barua ya kuachishwa inamfuata nyumbani. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri atafute kwanza njia nyingine kabla ya kumwachisha mtu kwa majeraha au maradhi: kazi tofauti, kazi iliyorekebishwa. Aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mafao yake yana huduma za utengamao, yaani za kumsaidia arudi kazini, si fedha peke yake. Mgonjwa hajui. Mwajiri mdogo naye mara nyingi hajui. Tena wengine huniambia wanaogopa kuajiri mwenye ulemavu eti michango ya Mfuko itapanda, ilhali mchango unakokotolewa kwa mishahara na hauhesabu magongo yaliyopita getini. Mimi huwakuta watu hawa miaka miwili baadaye, kazi imeshapata mtu mwingine. Mshauri angepaswa kuwakuta wakiwa bado na bandeji.

Kuhusu mikopo ya halmashauri nitasema kwa kifupi, maana najua ni jambo mnalojivunia, na mna haki. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu: wapo niliowapeleka huko na mashine za kusaga zinazunguka. Ila imekuwa jibu la kila swali. Mhasibu mwenye uoni hafifu anakuja kuuliza kazi ya uhasibu, anaambiwa kaunde kikundi mfuge kuku. Hajui kuku. Hata hapendi kuku.

Wenye ualbino nao nimejifunza kuwauliza jambo ambalo fomu haikuwa nalo: kazi iko juani au kivulini? Kupanga madaraja ya korosho ni kazi ya ndani, lakini inataka macho makali. Kupima mzigo ghalani ni kivulini, ila mzani wenye tarakimu ndogo utamtesa. Kila kazi inataka kutazamwa hivi, kipande kwa kipande. Kwa vijana wenye ulemavu wa akili sijafanikiwa hata mmoja, na sitawadanganya.

Sasa ombi. Kila halmashauri imteue mtu mmoja wa kazi hii, aingie kwenye ikama, yaani orodha rasmi ya nafasi za watumishi, awe na maelezo ya kazi yaliyoandikwa na mkuu wake anayemdai taarifa. Asiwe ofisa mwenye kofia nne anayeongezewa ya tano. Awe na nauli, maana kazi hii haifanyiki mezani, na awe na fungu la mkalimani hata kama ni la siku chache kwa mwezi. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, watawaambia wakalimani wenye sifa ni akina nani. Msiwaombe wadogo zao. Na mnapomtafuta afisa huyo, waulizeni kwanza SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na vyama vyake. Mimi nina miguu yote miwili na masikio mazima, na nadhani mtu mwenye ulemavu angekuwa ameiona ile fomu ilivyo siku ya kwanza.

Awepo mapema. Minada huanza Oktoba, lakini makarani, walinzi na wapakiaji wa maghala huwa wameshapangwa kabla, kwa kujuana. Mshauri akianza Novemba atakuta viti vyote vimekaliwa. Ningependa Julai.

Na muanzie nyumbani. Halmashauri ni waajiri wenye zaidi ya watu 20, kila moja. Bandikeni ubaoni, karibu na matangazo ya zabuni, mna watumishi wangapi na wangapi kati yao wana ulemavu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 katika mkoa huu, na kitaifa ilikuta asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Tukilinganisha asilimia hiyo na ya ubaoni tutajua tunaongea juu ya nini. Tunapenda kusema Mtwara kuchele, yaani kumekucha. Kwa yule kijana wa Naliendele, anayepiga hesabu ya bajaji kitandani, sijui kama jogoo ameshawika. Mkandarasi anayeomba zabuni kwenu naye mwulizeni ana wafanyakazi wangapi na wangapi kati yao wana ulemavu. Mkiuliza ninyi atajibu; nikiuliza mimi huchukua kikokotoo.

Fundi wa Magomeni bado hajapata pa kufundishia. Chuo kimoja kimenijibu kwamba lazima awe na cheti cha ualimu wa ufundi, kingine hakijajibu. Wakati huo huo vijana wawili wa jirani wanaenda kibarazani kwake kila alasiri, na mmoja ameshafika kwenye kukata kola.

Nipo mezani kila Jumatatu na Alhamisi hadi mwisho wa Novemba. Mtakayemteua aje achukue madaftari yote mawili, la kwanza na la pili, pamoja na namba za mkalimani na za dereva wa bajaji aliyekubali kulipwa kwa mwezi.

Wenu katika kazi,
Mshauri wa ajira kwa watu wenye ulemavu, Mtwara

Nakala: Mzee fundi, Magomeni (atasomewa na mjukuu)